Kuboresha Breki za Gari la Michezo la Zamani: Mwongozo Kamili

Breki za gari la michezo la miaka ya 1960 au 1970, zikiwa nzima, zinashika vizuri kuliko sifa zake zinavyosema. Shida ni kwamba ni nadra kuzikuta nzima. Kutu ya miaka 50, mafuta ya breki yaliyokunywa maji, mipira iliyovimba kwa ndani na pedi zilizochaguliwa kwa bei tu, vyote hivyo vinamfanya mwenye gari aamini kwamba lilitoka kiwandani na breki mbovu. Anakimbilia kununua kalipa (vibanio vinavyobana pedi juu ya diski) kubwa za pistoni nne, anazifunga juu ya mfumo mgonjwa, na gari linakuwa la hatari kuliko lilivyokuwa.

Mwongozo huu una msimamo mmoja: breki ni mfumo wa uwiano, na ukiongeza nguvu mahali pamoja bila kupima pengine, umeharibu. Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye uchunguzi, inapita kwenye ukarabati, kisha joto, kisha nguvu, halafu mgawanyo wa mbele na nyuma. Wengi wataridhika wakiwa hawajafika hata nusu, na hilo ni jambo zuri.

Jua kwanza gari linakosa nini

Gari husimamishwa na tairi. Breki inapunguza mzunguko wa gurudumu, lakini mshiko wa barabara ni wa tairi peke yake. Tafuta mahali papana, pakavu, pasipo watu wala magari, nenda kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Magurudumu ya mbele yakijifunga na kuburuza, breki zako tayari zina nguvu kuliko tairi. Kwa kusimama mara moja, kalipa kubwa haitakuongezea chochote. Soma namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Magari haya hukaa bandani muda mrefu, kwa hiyo tairi huwa na kashata nzuri huku mpira wake umeshakuwa mgumu. Tairi za namna hiyo ndizo za kubadilishwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kama magurudumu hayajifungi, au breki zinashika mara ya kwanza na kugoma mara ya tano, sikiliza mguu wako. Pedali ngumu isiyoleta mshiko huonyesha pedi zisizofaa, pistoni zilizokwama, au sevo (kisaidizi cha pedali kinachotumia mvuto wa hewa wa injini) iliyokufa. Pedali laini inayopanda ukiipampu ina upepo ndani ya mfumo, au shuu za drami (vipande vinavyosukumwa kugusa ukuta wa ndani wa drami) ziko mbali mno. Pedali inayozama polepole ukiwa umeikanyaga bila kuachia, na hakuna mafuta yanayovuja nje, ina sili zilizochoka ndani ya masta silinda, pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Gari likivuta upande, angalia kalipa ya upande wa pili. Aghalabu hiyo ndiyo isiyofanya kazi.

Kuna namna mbili za breki kufa kwa joto, na dawa zake ni tofauti. Ya kwanza, pedali inabaki ngumu lakini gari halipunguzi mwendo: pedi zimevuka joto zinaloliweza. Ya pili, pedali inakwenda hadi sakafuni: mafuta yamechemka ndani ya kalipa, na mvuke unabanwa kama upepo. Anayechanganya mambo haya mawili hununua diski kubwa wakati alichohitaji ni chupa ya mafuta mapya.

Joto linatoka wapi

Gari la kilo 1,000 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kilojuli 386 hivi. Kwenye kilomita 140 ni kilojuli 756, karibu mara mbili, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Breki za mbele zikibeba asilimia 70 ya kazi, na diski mbili za chuma cha kusubu zikiwa na kilo 5 kila moja, kusimama mara moja kutoka kilomita 100 kunazipandisha joto kwa takriban nyuzi 59. Ukirudia hivyo mara nyingi kwenye mteremko wa kona kabla hazijapoa, unaelewa kwa nini uzito wa diski na njia zake za hewa vina maana kuliko wingi wa pistoni.

Drami zina udhaifu wake wa kipekee. Zikipata moto hupanuka na kuzikimbia shuu, hivyo pedali hushuka. Isitoshe, shuu inayotangulia hujivuta yenyewe kwenye mzunguko wa drami na kuzidisha nguvu ya mguu. Msuguano ukipungua kidogo, nguvu yote huporomoka. Diski haina tabia hiyo. Jaguar C-Type ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop, na ndani ya miaka michache magari ya kawaida ya michezo yakafuata: Triumph TR3 ilipata diski za mbele mwaka 1956, MGA 1600 mwaka 1959, na MGB ilitoka nazo ilipozinduliwa mwaka 1962. Kama gari lako ni la kabla ya hapo na lina drami pande zote, kuhamia diski za mbele ndiyo hatua kubwa kuliko zote utakazopiga, na vifaa vya toleo lililofuata la gari hilohilo ndivyo vya kutafuta kwanza.

Maandalizi na usalama

Usifanye kazi chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara kwenye sehemu za fremu zinazoruhusiwa, zuia magurudumu yaliyobaki chini, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama linatikisika.

Shuu na pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi kwa kompresa, usilikwangue likiwa kavu. Liloweshe, lifute kwa kitambaa cha maji, funga taka kwenye mfuko, na vaa barakoa ya daraja la P3. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie moto wala mashine ya kuchomelea, kwa sababu mvuke wake ukipata joto kali hutoa fosijini, gesi yenye sumu kali. Mafuta ya breki ya kawaida hula rangi, basi weka ndoo ya maji karibu ili mwagiko uoshwe papo hapo.

Kati ya vifaa, utakavyovihitaji zaidi ni spana za mabomba ya breki, zile zinazoikumbatia nati karibu pande zote. Spana ya mdomo wazi itaviringa nati ya miaka 50 kwa jaribio moja. Utahitaji pia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), mikrometa, geji ya saa yenye kishikio cha sumaku, na kifaa cha kutengeneza midomo ya mabomba. Kitabu cha ufundi cha gari lako ndicho kitakachokupa toki za bolti, usikisie.

Hatua ya 1: rudisha uzima wa kiwandani

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mimi naithamini kuliko zote. Fungua kalipa, toa pedi, na ujaribu kurudisha kila pistoni ndani kwa mkono au kwa kibanio kidogo. Kabla ya kusukuma, fungua nipo ya kutolea upepo na uivalishe mpira, ili mafuta machafu yatoke nje yasirudi kwenye masta silinda. Pistoni isiyorudi kwa urahisi ina kutu. Kuitoa kwa upepo wa kompresa kunawezekana, lakini weka kipande cha mbao mbele yake na vidole mbali, maana huruka kwa kishindo. Pistoni yenye mashimo ya kutu nunua mpya, ya chuma kisichoshika kutu ikipatikana. Sili zipakwe grisi nyekundu ya mpira wa breki peke yake. Grisi ya kawaida ya madini huzivimbisha sili hizi na kuziua.

Upande wa nyuma, toa drami, angalia kama wili silinda (silinda ndogo zinazosukuma shuu) zinavuja chini ya vifuniko vya vumbi, na uhakikishe virekebishi vya shuu vinazunguka. Kwenye magari mengi ya aina hii virekebishi huzungushwa kwa mkono: kaza hadi drami isizunguke, kisha legeza mpaka izunguke ikigusa kwa mbali. Wengi walioambiwa wanahitaji masta silinda mpya walikuwa na shuu zilizo mbali tu.

Kisha diski. Rekebisha kwanza beringi za gurudumu kwa kipimo cha kitabu, kwa sababu beringi iliyolegea itakudanganya kwenye kila kipimo kinachofuata. Weka geji ya saa karibu na ukingo wa diski na uizungushe mzunguko mzima. Vitabu vingi huruhusu diski kuyumba hadi milimita 0.10, mimi hutafuta 0.05. Pima unene mahali nane kuzunguka diski. Tofauti za unene ndizo zinazotikisa pedali. Watu husema diski imepinda, ilhali mara nyingi ni mabaki ya pedi yaliyoganda bila usawa juu yake, au kutu kati ya diski na habu. Safisha uso wa habu hadi chuma king'ae kabla ya kufunga diski mpya.

Hatua ya 2: mafuta, mipira na mabomba

Mpira wa breki wa zamani unaweza kuonekana mzima nje huku njia yake ya ndani imeziba. Mguu unasukuma mafuta kwa nguvu, yanapita. Ukiachia, hayana nguvu ya kurudi, na breki inabaki imeshika. Ukikuta gurudumu moja lina moto kuliko mwenzake baada ya safari, fungua nipo: gurudumu likiachia papo hapo, mpira ndio mshukiwa wa kwanza.

Badilisha mipira yote kwa pamoja. Ile yenye mfuko wa ndani wa tefloni na wavu wa chuma nje haivimbi chini ya shinikizo, hivyo pedali inakuwa na jibu la haraka zaidi. Ukiifunga, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na upandishe na kushusha saspensheni kadiri inavyokwenda. Mpira usivutwe, usisokotwe, usiguse tairi wala chemchemi mahali popote. Wavu wa chuma ni msasa. Ukigusa kitu utakikata.

Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishwe kwa aloi ya shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu na inapindika bila kupasuka. Hapa kuna mtego. Magari ya Kiingereza ya enzi hizo hutumia zaidi bomba la inchi 3/16 na nati za thredi ya kiinchi ya 3/8 UNF; ya Kijapani na ya bara la Ulaya hutumia zaidi thredi ya kimetriki ya M10×1.0. Midomo nayo inatofautiana: ule uliokunjwa mara mbili kwa nyuzi 45, na ule wa kiputo. Nati ya M10 inaweza kushika mizunguko miwili mitatu ndani ya tundu la 3/8 UNF ikaonekana imefaa, kisha ikachomoka siku ya kukanyaga kwa nguvu. Ukinunua kalipa za gari lingine, hakikisha thredi na mdomo kabla ya kugusa spana.

Kuhusu mafuta, viwango vya chini vya kuchemka ni hivi: DOT 3 nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakishanyonya maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama namba ya pili kila mara, kwa kuwa ndiyo utakayoishi nayo. Aina hizi tatu zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ni kitu kingine kabisa: ni silikoni, hainyonyi maji, hailii rangi, lakini haichanganyiki na hizo nyingine na hubanika kidogo zaidi chini ya shinikizo. Kwa gari linalokaa kwenye maonyesho inafaa. Kwa gari linaloendeshwa kwa bidii nachagua DOT 4 nzuri, ibadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Hatua ya 3: pedi

Hakuna pesa inayorudisha faida haraka kama ya pedi. Nguvu ya breki hufuata kiwango cha msuguano moja kwa moja: kutoka 0.35 kwenda 0.42 ni nyongeza ya asilimia 20 bila kugusa kitu kingine. Lakini usinunue pedi za mashindano kwa gari la barabarani. Zinahitaji joto ndipo zishike, na asubuhi ya baridi kwenye makutano ya kwanza hazitakuwa nalo. Tafuta pedi za barabarani za kiwango cha juu, ambazo mtengenezaji anaeleza zinaanza kufanya kazi zikiwa baridi.

Kumbuka pia kwamba ukiongeza msuguano mbele peke yake, mgawanyo umehama. Kwa kiasi kidogo ni salama, maana magurudumu ya mbele ndiyo yanayopaswa kujifunga kwanza. Lakini ukiweka shuu kali nyuma na kuacha pedi laini mbele, umetengeneza gari la kugeuka nyuma mbele.

Baada ya hatua hizi tatu, liendeshe gari kwa wiki kadhaa. Kama unaridhika, funga boneti, kazi imekwisha.

Hatua ya 4: masta silinda ya njia mbili

Magari mengi ya kabla ya 1968 yana njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, umebaki na hendibreki. Marekani ilianza kulazimisha njia mbili kwa magari mapya mwaka 1968, na ndiyo maana matoleo ya soko hilo ni chanzo kizuri cha vifaa kwa ndugu zao wa miaka ya nyuma. Badiliko hili halipunguzi umbali wa kusimama hata kidogo, na bado nalitanguliza mbele ya kalipa yoyote kubwa.

Kipenyo cha masta silinda ndicho kinachoamua hisia ya pedali, basi fanya hesabu. Tuseme mguu unasukuma kwa newtoni 300 na wenzo wa pedali unazidisha mara 5: pistoni inapata newtoni 1,500. Kwenye masta ya inchi 3/4, yenye eneo la milimita za mraba 285, shinikizo ni karibu baa 53. Kwenye ya inchi 7/8, yenye eneo la 388, linashuka hadi karibu baa 39. Masta kubwa inafupisha safari ya pedali lakini inadai mguu mzito. Masta ndogo inampa mguu nafuu lakini pedali inakwenda mbali. Hakuna inayokupa vyote viwili.

Ukifunga, acha pengo dogo kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta, kwa kipimo cha kitabu. Bila pengo hilo tundu la kurudishia mafuta halifunguki, mafuta yakipanuka kwa joto hayana pa kwenda, na breki zinajikaza zenyewe barabarani.

Sevo ina kazi moja tu: kuupunguzia mguu mzigo. Kuijaribu, zima injini, pampu pedali mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Kama umeweka kemshafti kali, pima kwanza mvuto wa hewa injini ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, kwa sababu huenda hautoshi kuendesha sevo yoyote.

Hatua ya 5: diski na kalipa kubwa

Kama joto ndilo tatizo lililobaki, tafuta diski yenye njia za hewa kati ya nyuso zake mbili, nzito kuliko ya asili. Diski zilizotobolewa uso mimi sizifungi kwenye gari la barabarani: kila tundu ni chuma kilichoondolewa na mahali pa ufa kuanzia. Mifereji ya juu juu haina ubaya, ila inakula pedi haraka zaidi.

Njia bora ni kutumia kalipa za gari lingine la kiwandani zinazokaribiana na zako. Mfano unaojulikana ni Datsun 240Z, ambayo hupokea kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux kwenye matundu yaleyale ya bolti. Kinachohitajika ni kukata au kukunja bamba la kukinga vumbi na kutengeneza mabomba mapya. Sili na pedi za kalipa ya namna hiyo zitapatikana kwa miaka mingi, jambo ambalo huwezi kuahidiwa na seti ya vifaa ya karakana ndogo.

Kabla ya kununua, fanya hesabu ya maeneo. Kwa kalipa zenye pistoni pande zote mbili, hesabu upande mmoja tu. Pistoni moja ya milimita 54 ina eneo la 2,290. Pistoni mbili za milimita 42 zina jumla ya 2,771, yaani asilimia 21 zaidi. Nguvu imepanda kwa asilimia 21, na kiasi cha mafuta ya kusukuma nacho kimepanda vilevile. Masta ya zamani ikibaki, pedali itakwenda mbali zaidi. Watu wengi hapo huruka kutoka inchi 7/8 hadi inchi 1, eneo linapanda kutoka 388 hadi 507, na nyongeza yote ya kalipa inamezwa na masta. Hatua ya kati, inchi 15/16 yenye eneo la 445, mara nyingi ndiyo yenye akili.

Pima nafasi ndani ya rimu kwa kielelezo cha kadibodi chenye umbo halisi la kalipa na diski. Acha angalau milimita 3 kila upande, na uangalie pia vile vipande vya uzito vya kubalansi vinavyobandikwa ndani ya rimu. Kalipa ikae katikati ya diski. Ikihitaji spesa, iwe ya chuma kilichochongwa kwa mashine, si rundo la washa. Bolti za kalipa ziwe za daraja lilelile la asili au zaidi, zenye kufuli lake.

Na usibadilishane kalipa za kulia na kushoto. Zinaingia bila shida, lakini nipo inabaki chini, upepo unabaki juu, na utatoa upepo hadi usiku bila kupata pedali.

Hatua ya 6: nyuma, na mgawanyo

Gari la kilo 1,000 lenye uzito sawa mbele na nyuma, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita juu ya ardhi na ekseli zikiachana mita 2.3, likipunguza mwendo kwa 0.8 ya mvutano wa dunia linahamisha takriban kilo 174 kwenda mbele. Zile 500 za nyuma zimebaki 326. Tairi za nyuma hazina cha kushikia, na ndiyo maana drami ndogo zinatosha. Diski za nyuma zinapendeza machoni, zinarahisisha kubadilisha pedi, lakini kwa magari mengi haya hazikusimamishi mapema, na hendibreki yake mara nyingi inakuwa mbovu kuliko ya drami. Mimi huacha drami nyuma isipokuwa gari linakwenda kwenye uwanja wa mashindano. Jaguar E-Type, yenye diski za nyuma zilizobanwa pembeni mwa difu (gia ya katikati ya ekseli ya nyuma), ni ukumbusho kwamba diski nyuma zinaweza kuleta mateso yake: joto linakwenda kwenye sili za difu, na oili ikivuja inadondokea kwenye diski.

Ukiamua kubadilisha, kumbuka vali ya shinikizo la masalio. Drami hutunziwa karibu baa 0.7 kwenye bomba lake ili sili za wili silinda zisinyonye hewa. Shinikizo hilo kwenye diski litabana pedi muda wote, lazima vali hiyo itolewe. Masta silinda ikiwa chini ya sakafu, chini ya usawa wa kalipa, diski zinahitaji vali ndogo ya baa 0.14 hivi ili mafuta yasirudi.

Mgawanyo hurekebishwa kwa vali ya kupunguza shinikizo, na vali hiyo hufungwa kwenye bomba la nyuma tu. Anza ikiwa imepunguza kabisa. Kwenye eneo lililofungwa, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa zile bora utakazotumia, funga breki kwa nguvu kutoka mwendo wa wastani huku mwenzako akitazama kutoka nje, mbali na njia yako. Ongeza nyuma robo mzunguko kila mara mpaka nyuma ikaribie kujifunga, kisha ipunguze kidogo. Mbele ndiyo ijifunge kwanza, kila wakati. Gari lililojifunga mbele linakwenda moja kwa moja. Lililojifunga nyuma linageuka.

Hatua ya 7: kutoa upepo

Masta mpya itolewe upepo ikiwa imebanwa kwenye meza, kwa mabomba mafupi yanayorudi kwenye tangi lake. Kaza virekebishi vya drami kabla ya kuanza. Kisha anza na gurudumu la mbali zaidi na masta, isipokuwa kitabu kinaelekeza vingine. Ukikanyaga kwa mguu, usiipeleke pedali hadi sakafuni kwenye masta ya zamani. Weka kipande cha ubao chini yake. Sehemu ya mwisho ya silinda, ambayo sili hazijafika kwa miaka, ina kutu itakayozichana. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe.

Ukimaliza, mtu akanyage kwa nguvu zote kwa dakika moja wakati wewe unapitia kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu.

Hatua ya 8: kuzoesha pedi kwenye diski na kukagua

Jaribu kwanza kwa mwendo wa kutembea. Kisha, kama mtengenezaji wa pedi hakutoa utaratibu wake, punguza mwendo mara nane hadi kumi kutoka kilomita 65 hivi hadi 15, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki kadiri inavyowezekana. Ukisimama na kubana pedi zenye moto juu ya diski, zinaacha alama mahali pamoja, na mtetemo wa pedali unaanzia hapo.

Ukifika, pima joto la kila diski au drami kwa kipimajoto cha mwale. Kulia na kushoto kwa ekseli moja ziwe karibu sawa. Tofauti kubwa inakurudisha Hatua ya 1. Baada ya kilomita 100 kagua toki za bolti zote, kiwango cha mafuta na kama mipira inagusa kitu. Ijulishe bima yako mabadiliko yote, na angalia kama sheria za unakosajili gari zinataka ukaguzi mpya. Mwisho, andika kwenye kadi ya kukaa ndani ya gari: kipenyo cha masta, aina ya kalipa na gari ilikotoka, jina la pedi, aina ya mafuta na tarehe yake, na vali imefunguliwa mizunguko mingapi. Fundi atakayeagiza sili miaka kumi ijayo hatakuwa na njia nyingine ya kujua.